Mdogo wangu anatakiwa kubadilishiwa mlango wa moyo: wa chuma au wa ng'ombe?

Mchuuzi wa Dagaa, Sengerema

Habari za jioni ndugu zangu. Naomba wenye uzoefu wanisaidie, maana hapa nyumbani kila mtu anasema lake na muda unakwenda.

Mdogo wangu wa kike ana miaka 24, ameolewa, ana mtoto mmoja. Mimba ya huyo mtoto ndiyo iliyofichua ugonjwa. Ilipofika miezi sita alianza kuishiwa pumzi hata akitoka jikoni kwenda uani. Usiku halali, anakaa kitako ameegemea ukuta mpaka kunakucha. Wazee wakasema mimba ya kwanza ndivyo ilivyo. Kuna mahali alipewa dawa za pumu. Alipoanza kukohoa makohozi yenye damu ndipo tukamkimbiza Bugando, Mwanza. Wakampiga eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, wakasema mlango wa moyo upande wa kushoto umebana na pia unavuja. Walimpa vidonge vya kukojoza na vya kutuliza mapigo, wakamwangalia kwa karibu hadi akajifungua salama. Mtoto sasa anatembea. Mama yake ndiye hawezi kumbeba.

Karatasi ya eko ya safari hii imeandikwa eneo la mlango wa mitrali, ndio huo wa kushoto, ni 0.9, chumba cha juu kushoto kimetanuka, mlango umekakamaa na una chokaa, unavuja kiasi cha kati. Daktari akasema puto halimfai, anahitaji upasuaji. Rufaa imetoka, tunakwenda Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam. Tukaambiwa pia tukae kama familia tuzungumze, kwa sababu kuna mlango wa chuma na kuna wa mnyama, na mgonjwa mwenyewe ana neno lake katika kuchagua.

Hapo ndipo tulipokwama. Shemeji ni Mwislamu, anauliza kama huo wa mnyama ni wa nguruwe. Anataka watoto zaidi, na hata mdogo wangu anataka. Mama yetu hataki kusikia habari ya kifua kupasuliwa, ameelekezwa kwa mzee mmoja anayetibu moyo kwa mizizi. Mimi nimeona bora niulize watu waliopitia. Upi unadumu? Upi una raha? Na hiyo 0.9 ni mbaya kiasi gani?

Fundi Mwanaidi, Tanga

Kaka yangu, pole. Mfikishie salamu mdogo wetu, mwambie kuna dada yake Tanga anamwombea.

Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani. Nina mlango wa chuma kifuani tangu 2017, niliwekewa hapohapo mnapokwenda. Nitaandika marefu, maana najua mtu akishakaa kwenye foleni ya kliniki maswali yote yanamtoka kichwani.

Nianze na lililo kubwa kuliko yote nitakayosema. Kabla hamjauliza upi unadumu zaidi, ulizeni huyu binti atapima wapi damu. Siongelei damu ya siku ya upasuaji. Naongelea mwakani, na mwaka wa kumi, akiwa Sengerema na mvua inanyesha na shemeji hayupo. Jibu la swali hilo ndilo litakalowaambia kama mlango wa chuma unamfaa.

Nieleze. Mlango wa chuma, sisi wagonjwa tunauita hivyo, kumbe vibao vyake viwili ni vya kaboni ngumu sana. Hauchakai. Uzuri wake ni huo: mtu akiwekewa kijana anaweza kuzeeka nao. Lakini damu ikigusa kitu kigeni kama kile inataka kuganda. Donge likishika pale, ama linakwamisha vibao visifunguke, ama linachomoka na kwenda kichwani, mtu anapata kiharusi. Kwa hiyo unakunywa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kila siku ya Mungu, hadi mwisho wa maisha. Na warfarini haina dozi moja ya watu wote. Inapimwa kwa kipimo cha damu kinaitwa INR, kinachoonyesha damu inachelewa kiasi gani kuganda. Mtu asiyekunywa dawa hiyo ni karibu na 1. Sisi wenye chuma kwenye mlango wa mitrali kwa kawaida tunatakiwa tuwe kati ya 2.5 na 3.5. Ukishuka, damu inaganda. Ukipanda sana, damu inatoka bila kuacha, hata ndani ya kichwa bila kuanguka popote.

Mimi nakunywa saa tatu usiku, nikishafunga cherehani. Nina daftari la shule, kurasa zina mistari mitatu: tarehe, INR, dozi. Mwanzoni nilipima kila wiki, mambo yalipotulia ikawa kila mwezi. Kuna nyakati vitendanishi vinakwisha maabara ninayopimia, basi napanda gari nakwenda mkoa mwingine, na nauli ya safari hiyo iko kwenye kopo lake, haiguswi hata kukiwa na harusi. Nisipoitenga hivyo siwezi kuipata siku ninapoihitaji.

Chakula watu watamtisha. Wataambiana asile mchicha, asile kisamvu, asile matembele. Si kweli. Majani yana vitamini K inayopunguza nguvu ya warfarini, ndiyo, ila kinacholeta shida ni kubadilikabadilika: wiki hii majani kila siku, wiki ijayo hakuna kabisa. Mimi nakula mboga za majani kama watu wa nyumbani, kiasi kilekile. Ramadhani ndiyo inahitaji uangalifu, ulaji wote unageuka, kwa hiyo napima mwanzoni na tena katikati ya mwezi, na huwa nimezungumza na daktari kabla.

Dawa za dukani ndizo za kuogopa kweli. Flagyl, Septrin, dawa za fangasi za kumeza, zote zinaweza kuipandisha INR juu sana. Diklofenaki na ibuprofeni zinachubua tumbo wakati damu haigandi. Dawa za TB zinafanya kinyume, zinaishusha. Nina kadi kwenye mkoba inayosema nina mlango wa chuma na natumia warfarini. Muuza dawa aliwahi kunifungia Septrin kwa mkojo unaowasha, nikamwekea ile kadi mezani, akairudisha kwenye kabati mwenyewe.

Na kuna jambo wanaume hawalizungumzi. Hedhi inakuwa nzito. Nilitoka damu miezi ya mwanzo mpaka nikapungukiwa nayo mwilini. Nikawekewa kijiti mkononi, hedhi ikapungua na uzazi ukapangika. Vidonge vya uzazi vyenye estrojeni havitufai, vinaongeza damu kuganda. Mdogo wetu aulize hili mapema, asione haya.

Mlio upo. Usiku nyumba ikitulia unasikika: tik, tik, tik. Binti yangu alipokuwa mdogo alikuwa anaweka sikio mgongoni kwangu anahesabu mpaka usingizi unampitia. Nilidhani utanikosesha raha, ila sasa nausikiliza kwa makusudi kila nikilala. Tulifundishwa kwamba mlio ukififia ghafla, au pumzi ikianza kukata tena, usisubiri kuche.

Kuhusu mama na mizizi, mzungumze naye kwa upole, anaogopa kumpoteza mtoto. Mlango uliokakamaa kwa makovu na chokaa haufunguliwi na kitu cha kunywa. Na baada ya upasuaji mizizi ni hatari mara mbili, kwa sababu hakuna anayejua inaifanyia nini warfarini.

Tabibu wa Zamu, Dodoma

Nimefurahi kumsoma Fundi Mwanaidi. Mimi ni daktari, sifanyi upasuaji wa moyo, lakini wagonjwa hawa nawapokea kabla na baada. Niongeze ya kitabibu, kisha maamuzi mkayafanye na timu itakayomwona, kwa sababu mimi sijamgusa mgonjwa.

Hiyo 0.9 ni sentimita za mraba. Mlango wa mitrali wa mtu mzima mwenye afya hufunguka sentimita za mraba 4 hadi 6. Ukishuka hadi 1.5 tunahesabu umebana vibaya, chini ya 1 ni vibaya sana. Ndiyo sababu mimba ilimfichua: damu ya mama mjamzito huongezeka sana na mapigo huenda mbio, sasa damu nyingi ikapite kwenye tundu lile, kwa muda mfupi zaidi kati ya pigo na pigo. Haipiti. Inarudi nyuma kwenye mapafu. Pale ndipo kifua kinapojaa, usiku halali, anakohoa damu. Hufanana na pumu, ndiyo maana wengi huanza kutibiwa pumu.

Chanzo kwa umri wake, nchi zetu hizi, karibu kila mara ni homa ya rumatiki. Mtoto anaumwa koo, mafindofindo ya bakteria wa streptokokasi. Mwili unatengeneza kinga dhidi ya bakteria, kinga hiyo inakosea na kushambulia viungo na milango ya moyo. Magoti yanavimba, linapona hili linavimba lile, kisha yote yanapona na watu wanasahau. Moyo hausahau. Kila koo jipya linaongeza kovu, na miaka kumi au kumi na tano baadaye kingo za mlango zimeshikana. Ukiutazama mlango wa namna hiyo kwenye eko unafunguka kama mdomo wa samaki, na ndilo jina lake hata vitabuni. Wewe wa dagaa utanielewa.

Puto. Ni njia nzuri sana pale inapofaa. Wanapita mshipa wa kinena na mrija hadi ndani ya moyo, wanatanua puto katikati ya mlango, kingo zinaachana. Daktari wa Kijapani Kanji Inoue ndiye aliyeibuni, ikachapishwa 1984. Kifua hakifunguliwi. Lakini mlango ukiwa unavuja kiasi cha kati au zaidi, puto linaweza kuupasua uvuje kabisa. Ukiwa na chokaa nyingi hautanuki vizuri. Na kukiwa na donge la damu kwenye chumba cha juu, mrija unaweza kulisukuma. Kwa hiyo aliyewaambia halimfai alikuwa na sababu.

Kuna kitu cha tatu ambacho hamkutajiwa au hamkukisikia: kuutengeneza mlango wake mwenyewe. Mfaransa Alain Carpentier ndiye aliyeipa kazi hiyo misingi yake. Ikiwezekana ni bora, mtu anabaki na mlango wake na mara nyingi haihitaji warfarini ya maisha. Mlango wa rumatiki ni mgumu kutengeneza, hasa ukiwa na chokaa, na wakati mwingine mpasuaji anaamua akishaufungua moyo na kuuona kwa macho. Ulizeni tu: unatengenezeka?

Sasa mlango wa mnyama. Ipo ya nguruwe, na ipo inayoshonwa kutoka kwenye ngozi laini inayozunguka moyo wa ng'ombe. Mwambie shemeji aseme mapema anataka ya ng'ombe. Wanazuoni wengi wanaruhusu hata ya nguruwe kwenye dharura ya uhai, lakini hakuna haja ya kumtia mtu kwenye wasiwasi huo kama ya ng'ombe ipo. Uzuri wake ni kwamba warfarini huwa ya miezi ya mwanzo tu, kwa kawaida mitatu. Ubaya ni kwamba unachakaa, na kwa kijana unachakaa upesi kuliko kwa mzee. Kwa wengi ni miaka 10 hadi 15, kwa kijana inaweza kuwa pungufu ya hapo. Maana yake akiwekewa leo na 24, kuna upasuaji wa pili mbele yake, na wa pili ni mgumu kuliko wa kwanza kwa sababu ya makovu.

Na uzazi. Warfarini wiki za 6 hadi 12 za mimba inaweza kumdhuru mtoto, hatari inapungua dozi ikiwa miligramu 5 au chini yake kwa siku. Sindano za heparini, dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, hazimdhuru mtoto, ila zinamlinda mama mwenye chuma kwa udhaifu zaidi. Kuna rejista ya kimataifa ya wajawazito wenye ugonjwa wa moyo, ilitoa matokeo 2015: wenye mlango wa chuma, karibu 58 kati ya 100 ndio waliomaliza mimba na mtoto hai bila tatizo kubwa. Wenye mlango wa mnyama, 79. Ndiyo maana kwa binti anayetaka kuzaa madaktari wengi hukubali mlango wa mnyama wakijua atarudi mezani.

Swali langu kwako kabla hujaamua: kipimo cha umeme wa moyo kilisemaje? Mapigo yana mpangilio au hayana?

Mchuuzi wa Dagaa, Sengerema

Daktari na dada Mwanaidi, Mungu awabariki. Nimemsomea mdogo wangu yote, shemeji naye alikuwepo.

Nimetafuta karatasi. Imeandikwa mapigo hayana mpangilio, na alianzishiwa warfarini mwezi uliopita. Sasa nimechanganyikiwa. Kama tayari anakunywa hiyo dawa, mlango wa ng'ombe utamsaidia nini?

Kuhusu kupima, nimeuliza hapa wilayani, hicho kipimo wakati mwingine hakipo. Mwanza kipo. Zamani tungesema kivuko, foleni, siku nzima imekwisha, lakini sasa daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, anaweza kwenda asubuhi na kurudi mchana. Nauli mimi nitatoa.

Shemeji kasema maneno yaliyonigusa: "Nilimwoa yeye, watoto ni majaliwa." Mdogo wangu akamjibu anataka mmoja zaidi, akanyamaza.

Tabibu wa Zamu, Dodoma

Hilo ndilo nililokuwa naliogopa, na ni vizuri mmelijua kabla ya kwenda.

Chumba cha juu kikitanuka kwa muda mrefu kinaacha kupiga kwa mpangilio, kinatetemeka tu. Damu inatuama ndani yake, inaganda. Kwa hiyo warfarini anaihitaji kwa ajili ya mapigo, mlango wowote atakaowekewa. Msikubali mtu awauzie dawa mpya za kuzuia damu kuganda kwa maelezo kwamba hazihitaji kupima. Kwa wagonjwa wa rumatiki wenye mapigo ya namna hii utafiti mkubwa wa 2022 ulilinganisha warfarini na rivaroksabani, mojawapo ya hizo dawa mpya, na waliokuwa kwenye warfarini walikufa wachache zaidi. Kwa wenye mlango wa chuma, dabigatrani, dawa mpya nyingine, ilijaribiwa na utafiti ukasimamishwa 2012 kwa sababu wagonjwa walipata madonge zaidi na kutoka damu zaidi.

Lakini hilo halimalizi hoja ya ng'ombe. Mwenye mapigo mabaya na mlango wa ng'ombe, INR ikiteleza kwa wiki mbili yuko hatarini. Mwenye chuma kwenye mitrali, INR ikiteleza kwa wiki mbili yuko hatarini zaidi sana. Na akibeba mimba, kumhamishia kwenye heparini miezi ya mwanzo ni jambo linalobebeka kwa mwenye ng'ombe kuliko kwa mwenye chuma. Tena mpasuaji akiwa ndani anaweza kujaribu kurudisha mapigo na kukifunga kile kifuko cha pembeni ya chumba cha juu ambamo madonge hupenda kukaa. Ulizeni kama litafanyika kwake. Si kila mgonjwa mapigo hurudi, ila swali ni halali.

Baba Kato, Masaka

Samahani kwa Kiswahili changu, mimi ni wa Uganda. Nataka kumwambia kaka kitu kimoja: huyo mtoto wa dada yako, na watoto wengine wa nyumba hiyo, wapimeni.

Binti yangu alipimwa eko shuleni, hakuwa na dalili hata moja, anaruka kamba, akakutwa mlango umeanza kuharibika. Huku kwetu walifanya utafiti kwa watoto wa namna hiyo, wa miaka 5 hadi 17, matokeo yakatoka 2021. Nusu walichomwa sindano ya penisilini kila wiki nne, nusu hawakuchomwa. Baada ya miaka miwili, kati ya waliochomwa ugonjwa ulisonga mbele kwa watoto 3 tu, yaani 0.8 kwa mia. Kwa wasiochomwa ni watoto 33, 8.2 kwa mia. Tangu nisome hiyo sikosi tarehe. Analia, namshika mkono, tunanunua mkate tukirudi.

Mtoto yeyote akiumwa koo na homa, msimpe asali mkaacha. Mpelekeni.

Fundi Mwanaidi, Tanga

Baba Kato amesema kweli, na mimi niongeze kuhusu mgonjwa mwenyewe. Watu wengi wanadhani ukishabadilishiwa mlango sindano za penadua, yaani hizo za penisilini, zimekwisha. Hazijaisha. Milango mingine mitatu bado ni ya kwako, koo likija tena litaifuata. Mimi kwa sababu ya warfarini na kuvilia damu kwenye nyama, daktari alinigeuzia vidonge vya penisilini asubuhi na jioni. Mdogo wetu sasa hivi, na mlango wake ulivyobana, aulizie kama achomwe sindano au apewe vidonge. Wagonjwa walio dhaifu sana moyo, siku hizi madaktari wengine wanapendelea vidonge. Akichomwa, achomwe amelala, ameshakunywa maji na kula, akae hapo kwa muda kabla ya kuondoka.

Sasa nimwambie mama yenu kuhusu kifua, maana hofu yake ni ya kila mama. Wanapasua mfupa wa kidari katikati, damu inapitishwa kwenye mashine inayofanya kazi ya moyo na mapafu, moyo unasimamishwa, wanaukata mlango mbovu na kushona mwingine. Mashine hiyo ilianza kutumika kwa mafanikio 1953, milango ya bandia tangu 1960, si majaribio ya jana. Hatari ipo, na mpasuaji atawaambia ya kwake ni kiasi gani kwa hali yake, mumuulize bila woga. Mimi nilizinduka ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, na mpira kooni, siwezi kusema, mikono imefungwa kwa kitambaa laini. Muuguzi akaniandikia kwenye karatasi kubwa: UMESHAMALIZA. Nililia machozi yakaingia masikioni. Kesho yake wakautoa mpira, kesho kutwa wakanisimamisha kando ya kitanda, na kitu cha kwanza nilichokigundua ni kwamba nilikuwa nimelala chali usiku kucha. Miaka mingapi nilikuwa nalala nimekaa!

Mfupa unafungwa kwa nyaya na nyaya hazitolewi. Wiki sita hadi miezi mitatu asibebe ndoo, asivute kamba ya kisima, asilime, asimbebe mtoto hata akilia. Mtoto awekwe pajani akiwa amekaa. Akitaka kuinuka asijisukume kwa mikono, ajigeuze ubavu kwanza. Akikohoa akumbatie mto. Hapa ndipo familia inapohitajika, kwa sababu mwanamke akirudi nyumbani na anaonekana mzima watu wanamrudishia kazi zote. Shemeji aliyesema yale maneno mazuri aanze kuchota maji.

Kuhusu kuchagua, nikwambie ninavyoona mimi, si kama daktari. Ningekuwa na miaka yake, na hamu ya mtoto mmoja zaidi, na kipimo kinachopatikana Mwanza tu, ningewaomba watazame kwanza kama unatengenezeka, na wasipoweza ningechukua wa ng'ombe, nikijua kabisa nitarudi mezani siku moja. Mimi nilichagua chuma kwa sababu nilikuwa nimeshazaa ninaowataka na napimia mjini ninapoishi. Sijutii hata siku moja. Lakini nisingemwambia mtu wa Sengerema achague kwa sababu ya Tanga yangu. Na yeye ndiye aseme. Sio shemeji, sio wewe, sio mimi. Mkifika kwa daktari mwacheni aingie na maneno yake mwenyewe mdomoni.

Mambo machache ya safari. Karatasi zote za eko na picha zake zibebwe, zisiachwe nyumbani. Kama bima haitoshi, muende ofisi ya ustawi wa jamii hapohapo hospitalini mapema, sio siku ya kulipa. Ndugu watakaokuja wajiandae kutoa damu. Na warfarini anayokunywa sasa asiiache wala asiiendeleze kwa uamuzi wake kuelekea upasuaji. Wao watamwambia siku ya kusimamisha.

Mchuuzi wa Dagaa, Sengerema

Nimeandika yote kwenye daftari. Maswali ya kuuliza ni haya: unatengenezeka? Kama hautengenezeki, wa ng'ombe upo? Mapigo yatashughulikiwa humohumo? Kile kifuko kitafungwa? Penadua au vidonge? Uzazi, asubiri muda gani? Na INR Mwanza, nani atakuwa anasoma majibu na kumwambia dozi, daktari wa Dar au wa Mwanza?

Mama ameshakubali kuja Dar. Amesema atalala hapo nje kwenye benchi hadi amwone mwanawe. Kuna jino linamsumbua mdogo wangu, la nyuma, limetoboka. Nimeona liende hivyohivyo, tukirudi tutalishughulikia.

Fundi Mwanaidi, Tanga

Hapana kaka! Jino kwanza. Bakteria wa jino bovu wanaingia kwenye damu na kukaa kwenye mlango mpya, na ukishaingia uchafu ule kutibika ni kazi kubwa mno. Hawatamfungua kifua na jino bovu mdomoni, watawarudisha kwa daktari wa meno na tarehe itasogea. Mpelekeni kesho, ila mwambieni daktari wa meno mapema kabisa kwamba ana ugonjwa wa mlango wa moyo na anakunywa warfarini, apime INR kabla ya kung'oa na aulize kama anahitaji antibiotiki ya kukinga. Baada ya kuwekewa mlango ndiyo itakuwa lazima kila aking'oa jino, maisha yake yote. Kama hapo wilayani hawana kipimo, msiruhusu wang'oe. Unganisheni na safari ya Mwanza.

Swali lako la nani anasoma majibu ni zuri kuliko yote uliyoandika. Liulize wa kwanza.